Mlango Unaonitii Mimi Tu

Jumatatu, 3 Machi
Mahakama ya zamani inageuzwa maktaba ya umma. Heri kwa wote, isipokuwa mimi! Miaka ishirini na mbili nimelitunza jengo hili, leo msanifu anasema maktaba haitahitaji mtunzaji. Nikaukumbuka mlango wa chumba cha mahabusu. Nikamwambia mkutubi mkuu, mama mpole, kwamba unanitii mimi tu: inua, sukuma kwa goti, zungusha ufunguo. Akaandika. Ajira imepona!

Jumanne, 4 Machi
Fundi seremala wa mradi ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Leo amewaambia mlango ule ni wa kung'oa bawaba tu, dakika tano. Kikulacho ki nguoni mwako! Nikakimbilia kwa msanifu: mlango ule ni historia, haung'olewi. Akakubali. Shemeji kanuna. Chai imeteremka vizuri.

Jumatano, 5 Machi
Nimejifungia mahabusu ili pengo langu lionekane. Mpango safi. Kasoro moja: goti hufanya kazi kwa nje tu. Saa tatu nzima! Nimepiga kelele, mashine ya kukata vigae ikanishinda. Humo mna maboksi ya vitabu. Kwa kukosa la kufanya, nikavipanga: vya sheria juu, riwaya katikati, vya watoto chini wanakofikia. Kimoja nimekisoma hadi mwisho. Nimelia. Vumbi, bila shaka.
Aliyenitoa ni shemeji. Hakucheka. Kanipa maji, kasema dada yake hatasikia neno. Nimeona haya hadi masikioni.

Alhamisi, 6 Machi
Mkutubi kauliza nani kavipanga vile vitabu. Shemeji kajibu upesi kuwa ni mimi, tena nimeacha chakula cha mchana kwa mapenzi ya kazi. Uongo mtupu, Mungu amlipe kheri! Nimeajiriwa: msaidizi, chumba cha watoto. Nimemshukuru kila mtu, hata msanifu. Mke wangu kanikumbatia mbele ya majirani.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekoma hila. Kazi njema hujisemea yenyewe. Ila tahadhari kabla ya hatari: nimemdokeza mkutubi kwamba bomba jipya la chumba cha watoto lina ukorofi, na dawa yake naijua mimi peke yangu. Kisha nikalilegeza kidogo kwa spana.
Dawa yake siijui. Maji yanakaribia rafu ya chini. Nimeagiza shemeji aitwe. Nina shemeji mzuri sana.