Mngeniambia Mapema Kwamba Sarafu Hazioshwi

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi kwako na kwa wote mnaotuandalia gazeti. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, na mgongo wa dobi haujawahi kuwa habari mpya. Wateja huniita Wanga. Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba jina hilo linatokana na wanga ninaoutia kwenye kola, si wale wanga wengine wanaotembea usiku.

Naandika kulalamikia makala ya ukurasa wenu wa mambo ya nyumbani iliyoitwa "Njia Bora ya Kuuza Sarafu Zako". Niliisoma yote, tena kwa shida, kwa kuwa gazeti tayari nilikuwa nimelitumia kufungia shati la mteja. Nilifurahi kuiona, maana nina makopo matatu ya sarafu kuukuu, na mwezi ujao mimi na mke wangu tunahamia kwa binti yetu, ambaye ametutengea chumba kimoja. Mke wangu alikwenda kukitazama chumba hicho, akarudi akanitangazia kwamba kitanda kitaingia, yeye ataingia, na nafasi itakayobaki ni yangu au ya makopo. Bado hajaniambia anapendelea kipi.

Sarafu zenyewe ni halali yangu. Katika kazi yetu mfuko hupekuliwa kabla nguo haijaingia majini, lakini kuna mifuko ya siri, kuna bitana zilizotoboka, na kuna watu wanaoficha hela hadi wao wenyewe wasijue ilipo. Hela inayotumika nilirudisha kila mara. Ila sarafu iliyokwisha kuondolewa sokoni, au iliyopotea njia kutoka nchi nyingine, mwenyewe huitazama, hucheka, kisha huniambia nikae nayo. Basi nikakaa nazo. Wapo wanaokusanya maneno ya watu. Mimi nimekusanya hizi. Malalamiko yangu, kwa heshima zote, ni haya yafuatayo.

1. Mmeandika kwa herufi nzito: USIOSHE SARAFU KAMWE. Mnunuzi wa sarafu kuukuu, mtu mpole mwenye kioo cha kukuzia, alifika dukani kwangu, akachukua moja, akaigeuza, akainusa, akaniuliza kama imepata sabuni. Nikamjibu kwa fahari kwamba imepata sabuni, imesuuzwa mara mbili, na ile iliyo karibu na kiwiko chake imepitia hadi kwenye maji ya bluu ya kung'arishia nguo nyeupe. Akakishusha kioo chake taratibu kama aliyeletewa habari ya msiba. Akanieleza kwamba ule weusi wa sarafu ndio bei yake, na kwamba zangu zinang'aa kuliko zilipotoka kiwandani. Ndugu Mhariri, nimefua tangu ujana wangu, na gazeti lenu lilikuwepo. Mliandika habari za mvua, za mpira, za ng'ombe aliyezaa mapacha. Mlishindwa nini kuniambia na hili? Nadai mchapishe masahihisho: sarafu zangu hazijaoshwa. Zilikuwa ndani ya suruali wakati suruali inaoshwa, na hayo ni mambo mawili tofauti.

2. Mmeandika kwamba sarafu yenye historia iliyothibitishwa hupanda bei. Historia ninayo kichwani. Ile ya shaba ilitoka katika koti la mwalimu mkuu mstaafu, mfuko wa ndani, baada ya kwenda kumposea mwanawe. Ile ya pembe nyingi ilikuwa kwenye pindo la suruali ya mpiga tarumbeta. Lakini mnunuzi alitaka maandishi, kwa hiyo nilipiga moyo konde nikaenda kwa mwalimu mkuu aniandikie sentensi moja tu kwamba sarafu ilikuwa yake. Alinipokea vizuri sana. Akavaa miwani, akaitazama sarafu, akalikumbuka koti, na kwa bahati mbaya akakikumbuka pia kifungo. Anadai koti liliingia kwangu na vifungo vitatu likatoka na viwili, na kwamba miaka yote hii alikuwa akisubiri nafasi ya kulitaja jambo hilo kiungwana. Habari zikaenea mtaani. Tangu hapo wanakuja mmoja mmoja na soksi isiyo na mwenzake, na mkanda uliopungua tundu, na doa la chai ambalo wanaapa halikutoka nyumbani kwao. Mpiga tarumbeta amekuja na suruali yenyewe. Niliomba historia ya sarafu, nimeletewa historia yangu.

3. Mkasema mnada huleta ushindani. Nikabandika tangazo mlangoni: MNADA JUMAMOSI. Sikuona haja ya kuandika kinachouzwa, kwa kuwa makopo yalikuwa mezani mbele ya macho ya kila mtu. Watu walijaa hadi barazani. Kumbe walidhani nauza nguo ambazo wenyewe hawakuja kuzichukua! Kabla sijamaliza kueleza tofauti ya shaba na nikeli, muuza maziwa alishaiangua kutoka kambani suruali ya kijivu ya mpima ardhi na kutaja bei, mwingine akapanda juu yake, muuza maziwa akapanda tena, na mimi nikaisikia sauti yangu mwenyewe ikiita mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Jioni mpima ardhi alikuja kuifuata suruali yake, akapishana nayo njiani ikipeleka maziwa. Ushindani ulikuwepo, siwezi kuwasingizia. Lakini sarafu haikuguswa hata moja, ila kopo moja lilitumika kuzuia mlango usijifunge.

4. Mkasema pia kwamba mtandaoni ndiko kwenye wanunuzi wengi, na kwamba sarafu ipigwe picha juu ya kitambaa cheupe kisicho na kunyanzi hata moja. Hapo nilijua mmeniandikia mimi. Nguo za nyumbani sikuwa nazo, maana tangu tuoane mke wangu hajanipa hata leso nimfulie. Anasema mke wa dobi akisubiri zamu yake atazeeka na kanga moja. Basi nikachukua shati la karani wa benki, nikalipiga pasi kwa moyo wangu wote, nikaiweka sarafu karibu na kola, nikapiga picha nikamtumia binti yetu, naye akaisambaza. Watu wameuliza kwa wingi. Wameuliza nani amelinyoosha shati hilo, anatumia wanga gani, na kama anapokea suti. Mmoja tu ndiye aliyeitaja sarafu, akiomba iondolewe inaziba kola. Sasa nguo zimenifika kidevuni, wateja wanatoka nilikokuwa sikujui, na binti yetu ameuliza mara kadhaa kama bado tunakuja. Mke wangu hulitazama lile rundo la nguo, akayatazama makopo, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nastaafu kwa amani, ninyi mmenirudisha kazini.

5. Mwisho mmeshauri kwamba sarafu isiyo na historia yoyote isichanganywe na nyingine, bali iondolewe mapema kwa bei itakayopatikana. Nimezipekua zote na nimeipata moja tu ya namna hiyo. Ina tundu katikati na haina maandishi yanayosomeka. Ilikuwa ikitoka katika aproni ya mpishi wa shule ya jirani, msichana wa watu, ambaye kila wiki alileta aproni hiyo na kila wiki aliisahau sarafu hiyohiyo mfukoni. Kwa kuwa mimi ni mwaminifu, kila wiki nilifunga duka, nikavaa shati safi, nikampelekea. Alinishukuru, akanipa chai, tukazungumza mpaka sufuria zikaungua, na wiki iliyofuata akaisahau tena. Sijapata kuona mtu msahaulifu kiasi kile. Nilimshauri aipitishe uzi aivae shingoni, maana tundu lipo. Akanitazama, kisha akaniongezea chai. Hatimaye niliona heri nimwoe kuliko kuendelea kuichosha miguu. Baada ya harusi akanipa sarafu hiyo niitie koponi, na tangu siku hiyo hakusahau tena kitu chochote, hasa makosa yangu. Kwa nini mtu atembee na sarafu isiyoweza kununua hata kiberiti, na kwa nini isahaulike kwenye aproni inayokuja kwangu tu, hilo sijalielewa mpaka leo. Kwa hiyo nimeiandikia: historia haijulikani. Fundi baiskeli wa jirani amekubali kuichukua. Anasema itamfaa kuwekwa chini ya nati.

Kutokana na hayo matano, Ndugu Mhariri, nimefikia uamuzi kwamba njia bora ya kuuza sarafu zangu ni kukuuzia wewe. Wewe ndiye uliyenishauri, wewe ndiye mwenye ofisi kubwa, na nina hakika chini ya meza yako kuna nafasi ya makopo matatu. Masharti yangu si mazito. Makopo yasitenganishwe. Yasipangwe upya. Nipewe ruhusa ya kuja kuyatazama kila nitakapopata nafasi, na nitakapokuja nisiulizwe nimefuata nini.

Usinione mkorofi. Nasema wazi kwamba jambo hili linaniuma. Wengi wa wenye mifuko ile hawapo tena. Nguo zao ziligawanywa, kanzu moja huku, koti moja kule, na wengine hata picha hawakuacha. Mimi ninacho kile walichokisahau siku ya kawaida tu, wakiwa na haraka zao, na nikilitikisa kopo nawasikia wote. Sasa niambie, kitu kama hicho kinauzwaje, na mnunuzi wa haki anapatikana wapi?

Nifikishie salamu kwa wachapaji, kwa msambazaji anayerusha gazeti kwenye dimbwi la maji mbele ya duka langu, na kwa mwandishi wa makala ile, ambaye naamini nguo zake anazifua mwenyewe. Wasalimie na wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo.

Nabaki kuwa msomaji wako mwaminifu na mwenye kola iliyonyooka,

Dobi Wanga

Tanbihi: Mke wangu ndiye hunisomea barua zangu kabla sijazitia kwenye bahasha, arekebishe nukta na herufi kubwa. Hii ameisoma mpaka namba tano, akairudia namba tano, kisha akavua miwani. Hakurekebisha kitu. Aliniuliza kama ni kweli maisha yetu yote nilidhani alikuwa akisahau. Nikamjibu ndiyo, kwani alikuwa akifanya nini? Akaingia jikoni. Nikasikia sufuria zikigongana, halafu nikamsikia anacheka peke yake. Nilipoitafuta sarafu yenye tundu nimpelekee fundi baiskeli, haikuwemo koponi.

Asubuhi hii ameniletea gauni lake nilifue. Nimeupekua mfuko, kama kazi inavyotaka. Tafadhali usiichape barua hii, na makopo hayauzwi tena. Kama chumba ni kidogo, tutabanana humohumo. Nimefunga duka, nimevaa shati safi, nampelekea.