Msumari wa Nofri

Jumatatu, 1 Oktoba 1436

Nimepewa ukuta! Miaka ishirini napaka rangi masanduku ya maharusi wa Firenze, leo Padri Zanobi kanipa ukuta kanisani kwake. Nimchore Bikira Maria akiwa ukumbini. Sharti: vigae vya sakafu vionekane vinakwenda mbali, kwa hesabu, kama anavyochora jirani yangu Nofri. Nikiharibu, atapaka chokaa na ukuta ampe Nofri. Hesabu! Mimi na hesabu hatusalimiani.

Jumanne, 2 Oktoba

Siri ni msumari. Unaupigilia ukutani, unafunga uzi, mistari yote ya sakafu inaelekea pale. Ila upigiliwe urefu gani? Nofri anachora kwenye chumba cha kulia cha watawa. Alipotoka kwenda kula, nikaingia na kamba. Dhiraa mbili kutoka chini! Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mke wangu Lapa akauliza kwa nini nisimuulize tu Nofri, mtu mwema vile. Wanawake hawajui vita.

Jumamosi, 13 Oktoba

Nimemaliza picha. Balaa! Ukisimama mbele yake, Bikira anateleza kama yuko juu ya paa. Lapa alicheka mpaka akakaa chini. Kisha, akiwa amekaa palepale chini, akaitazama sana. Ananihurumia, maskini.

Nofri naye akapita. Akaniambia, “Bindo ndugu yangu, msumari unafuata macho ya mtazamaji. Watawa wangu wanatazama wamekaa mezani. Watu wako je?” Nikaenda zangu nyumbani. Sijala.

Jumapili, 14 Oktoba

Misani watu wakanong'ona. Fundi viatu akacheka waziwazi. Padri alikwishaweka ndoo ya chokaa mlangoni. Ukuta wangu wa kwanza!

Kengele ikalia, watu wote wakapiga magoti. Nami magotini nikainua macho: sakafu imelala sawa, vigae vinakwenda mbali, Bikira katulia. Bibi mmoja akalia. Padri akasema kwa sauti kwamba picha hii inamfungukia mnyenyekevu peke yake. Nikainamisha kichwa kama mtu aliyepanga hivyo tangu mwanzo. Lakini machozi yalikuwa ya kweli. Nofri alinikonyeza tu.

Jumatatu, 15 Oktoba

Sifa zimefika mbali! Chama cha wachinjaji kinataka picha kwenye ukumbi wao wa mikutano. Lapa kaniuliza kama wale huwa wanakaa au wanasimama. Wanasimama, hata viti hawana. Nofri kajitolea kuja kunipimia. Nimekataa kwa upole. Wivu umemwingia, namwonea huruma.

Msumari nimeshaupigilia. Dhiraa mbili. Wachinjaji watapiga magoti tu.