Tumbo Lisilo na Doa

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu amepata kazi! Jiko la hospitali kubwa. Mpishi kamili, aproni nyeupe na kofia. Waliomba watu arobaini, akachukuliwa mmoja, na huyo mmoja nimemzaa mimi. Nimetangaza mtaa mzima. Kwa fundi viatu nimepita mara mbili, maana mara ya kwanza alikuwa anagonga nyundo.

Limebaki jambo dogo. Ijumaa saa sita mchana apeleke cheti cha afya, na ndani yake kipimo cha choo. Asipofikisha, kazi anapewa wa pili kwenye orodha.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anakaa nyumba ya pili. Hongera hakusema. Alisema binti anakula sahani mbili na bado kama ufagio, huyo ana minyoo, hapiti. Nikamjibu kwamba kwetu minyoo hatujui hata rangi yake. Akaondoka pekupeku kama kawaida yake, akiwa amemaliza nusu ya udongo wangu wa kutafuna. Na mimi nautaka, unatuliza tumbo. Leo limeninyonga kutwa. Ni furaha.

Jumanne, 4 Machi

Maneno ya wifi yamenikaa kooni. Je, ikiwa kweli? Mtoto mwembamba vile! Kazi ipotee kwa ajili ya kikopo cha choo?

Nimejiuliza nani humu ndani ana tumbo la uhakika. Mume wangu? Aka! Ni mimi. Miaka hamsini na mbili, hospitali nimekwenda kuzaa tu. Kizunguzungu nikipanda ngazi, sawa, lakini hayo ni mawazo ya mzazi. Nyayo zinaniwasha nikitoka bustanini. Majani hayo.

Jumatano, 5 Machi

Imekwisha! Binti aliacha kikopo chake dirishani akaingia kuoga. Nikakimwaga, nikakisuuza, nikaweka cha kwangu. Mama gani mwingine angejitoa hivi kwa mwanawe? Akakibeba bila kujua kabeba urithi.

Alhamisi, 6 Machi

Majibu yametoka. Mayai ya minyoo. Aina mbili! Chango na safura, tena mengi. Binti yuko jikoni analia, khanga yote imelowa. Anasema kesho kazi ndiyo basi.

Nimekwenda maabara mwenyewe. Nikamkuta mpima choo, bwana wa miwani minene anayeshinda akichungulia haja za watu na kujiita mtaalamu. Nikamwambia darubini yake chafu. Nikamwambia amenunuliwa na wifi. Akaniuliza kwa upole nina uhakika gani.

"Tumbo hili nalijua mimi!" nikasema, nikalipiga kofi.

Akavua miwani. "Mama, kile kikopo kilikuwa cha nani?"

Nikatazama dari. Dari yao ina buibui, niliona.

Akanivuta kope ya chini, akasema ndani ni nyeupe kama karatasi. Akauliza kama natafuna udongo. Kila siku, nikajibu, tena wa kuchagua. Natembea bustanini bila viatu? Tangu utotoni. Naosha mboga? Zangu hizo, hazijatoka sokoni, nizioshe nini? Alikuwa anaandika mbio kama mtu anayefukuzwa.

Akaanza hotuba. Safura huingia kwa ngozi ya nyayo na kunyonya damu, ndiyo maana ya kizunguzungu na hamu ya udongo. Chango huingia kwa mikono na mboga zisizooshwa. Akanipa dawa ya minyoo nimeze pale pale, ananitazama, na vidonge vya kuongeza damu. Nyumba nzima imeze. Nivae viatu. Ninawe kwa sabuni. Mwanamume kunifundisha mimi kunawa!

Binti alete kikopo kingine kesho alfajiri. Mkononi mwake mwenyewe, alikazia.

Ijumaa, 7 Machi

Binti hakuniruhusu hata kusogelea bafu. Katoka na kikopo kifuani kama kabeba dhahabu. Majibu: safi kabisa! Saa sita kasoro dakika kumi cheti kikafika jikoni kwa wakubwa. Nimemlea vizuri, nani atabisha?

Na mnyoo umetoka. Mmoja, mrefu kuliko kalamu ya risasi. Changu hakijawahi kuwa kidogo. Nilitaka kumwita wifi aone, nikajizuia.

Wifi amekataa dawa. Anasema minyoo ni ya wachafu, tumbo lake analijua. Akachota udongo wangu, akaenda zake pekupeku.

Ijumaa, 28 Machi

Nimepona. Ngazi napanda nikiimba. Lakini Jumatatu natakiwa maabara, na kikopo, wahakikishe. Likionekana yai moja tu, yule wa miwani atanisimanga mpaka uzeeni. Siwezi.

Nimefikiri. Natafuta tumbo la uhakika. Nimelipata: wifi! Maneno yake ni pilipili, ila ukweli usemwe. Asiye na hakika na tumbo lake angekataa dawa? Nitamwambia hospitali inapima majirani bure. Anapenda vya bure.

Kikopo nimekificha nyuma ya sabuni, pale hakuna anayegusa. Mboga za wageni nitachuma mwenyewe. Viatu vitachafuka bure, nitaviacha mlangoni. Tunampongeza binti: ndugu, majirani, fundi viatu na mkewe. Wifi nimemwambia alale hapa hapa mpaka asubuhi ya Jumatatu, siku ya kikopo. Wote waje Jumapili.