Marehemu O'Gutu, Mhasibu wa Mainjinia

Jumatatu, 3 Machi 1958

Siku ya kwanza ya kujitegemea! Ijumaa niliacha kazi katika ofisi ya wahasibu kule Government Road. Yaani, waliniambia niondoke, nami nikakubali. Miaka tisa nimewapangia mafaili, wakakumbuka kosa moja tu: kwamba nilimsahihisha Bwana Mkubwa Kiingereza chake mbele ya mteja. Na kwamba nilimsahihisha vibaya. Shauri lao.

Nimemwambia mke wangu Peres kwamba nimejiuzulu. Akauliza mbona macho mekundu. Vumbi, nikasema.

Mpango ni huu: hesabu na kodi kwa mainjinia wanaojitegemea. Mainjinia peke yao! Nimewaona miaka tisa wakipanda ngazi za ofisi ile. Mtu anazuia mto mzima usipite, lakini risiti zake mwenyewe zinamshinda. Ana pesa, ana haraka, na fomu inamtoa jasho. Nani Nairobi hii amewafikiria? Mimi tu.

Nimekodi nusu ya meza kwa Kisilu, fundi wa saa, barabara ya nyuma ya River Road. Nusu ya kushoto. Barua zenye kichwa zimetoka kwa mchapaji leo: T. O'GUTU, Mhasibu wa Mainjinia. Ile alama baada ya O ni wazo langu. Ogutu ni karani wa kutoka Nyanza. O'Gutu ni Mwairishi, Mzungu kamili. Herufi ni zile zile! Peres ndiye aliyelipia, kwa akiba yake ya kushona sare za shule. Alama hiyo sijamweleza.

Hatua kumi kutoka mezani kwangu, baraza hiyo hiyo, anakaa Idarus Taib. Mzee wa Lamu, zamani karani wa forodha Mombasa. Huwajazia wenye maduka fomu zao za kodi. Amekuja na kikombe cha kahawa kunikaribisha. Akaitazama barua yangu, akauliza kwa upole kama lile ni doa la wino.

Wivu! Siku ya kwanza tu!

Alhamisi, 6 Machi

Mteja! Binamu yangu Were ni mpishi wa Bwana Whitlow huko Karen, mwaka wa kumi na mbili sasa. Bwana Whitlow ni injinia wa mabwawa na madaraja ya mashambani. Hana kampuni, yeye na lori lake. Were amemwambia kuna mhasibu hodari mjini.

Nilivaa suti. Basi, kisha maili mbili kwa miguu, kisha tope. Nikafika mlango wa mbele, mbwa wakanielekeza wa nyuma.

Bwana Whitlow akatoka. Mrefu, hakunyoa ndevu. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Kabla sijafungua kinywa akanikabidhi bati la biskuti lililojaa risiti na kusema, "Wewe peleka hii kwa bwana yako. Sema mimi nataka yote tayari mwisho ya mwezi."

Bwana yangu! Nilifikiri kwa haraka sana. Nikasema, "Ndiyo, Bwana."

Kwa hiyo mimi ni tarishi wangu mwenyewe. Si neno. Wakubwa wote walianzia chini.

Were alinisindikiza hadi barabarani. Akaeleza habari ndefu, kwamba zamani memsahibu ndiye aliyekuwa akishika hesabu, mpaka mwezi wa kumi, na tangu hapo bwana hutupa tu karatasi batini. Sikusikiliza yote. Nilikuwa nahesabu madirisha ya nyumba. Kumi na manne!

Jumamosi, 8 Machi

Risiti mia tatu na kumi na mbili. Nyingine zimeandikwa kwa penseli, nyingine zina alama za kikombe. Nikizipanga, Kisilu anapiga chafya, nazipanga upya. Namshuku kuwa chafya moja katika mbili ni ya makusudi.

Idarus akapita. Akasema, bila kuulizwa, kwamba mashine ya injinia haikatwi bei yake yote katika mwaka mmoja, hupunguzwa kidogo kidogo kadiri inavyochakaa. Akasema pia kila risiti isomwe mara mbili, ya kwanza kwa jicho, ya pili kwa akili. Akajitolea kukaa nami alasiri, bure.

Bure! Hivyo ndivyo wateja wanavyoibwa. Nikamwambia ahsante, O'Gutu ana njia zake.

"Na mwenyewe Bwana O'Gutu yuko wapi?" akauliza.

Nikasema amesafiri.

Jumatano, 12 Machi

Kazi imekwisha, na ni kazi ya fahari! Siri ya kodi ni hii: kinachoitwa gharama ya kazi hakitozwi. Basi jukumu la mhasibu ni kukipa kila kitu jina la kazi. Mhasibu mvivu angeziacha nje risiti kadhaa za Novemba. Mimi sikuacha hata moja.

Sanduku moja refu la mvule, vishikio sita vya shaba, kutoka kwa seremala. Nimeandika: mbao na vyuma, daraja la Kinoo.

Maua meupe, mafungu manne. Nimeandika: mimea ya kuzuia mmomonyoko, ukingo wa bwawa.

Vibarua wawili, kuchimba shimo, futi sita. Nimeandika: kisima cha majaribio.

Kasisi, kwa huduma. Hapa nilikwama kidogo. Kisha nikakumbuka Wazungu huombea jiwe la msingi. Nimeandika: mshauri wa nje.

Nilimsomea Peres nyumbani Kaloleni. Hakucheka, hakusifu. Cherehani yake ilisimama kidogo. Akaniuliza kama yule Bwana ana mke. Nikasema hayo hayamo kwenye fomu.

Jumatatu, 17 Machi

Siku mbaya. Naiandika haraka.

Nilizipeleka hesabu Karen. Bwana Whitlow alizisoma barazani, miwani puani. Ukurasa wa kwanza akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wa pili pia. Wa tatu akasimama. Kidole chake kilikuwa juu ya daraja la Kinoo.

Akasema hajajenga daraja lolote Kinoo. Akateremsha kidole: mimea, kisima, mshauri. Sijawahi kuona mtu akisoma polepole vile. Nilidhani amestaajabia ufundi.

Akauliza nani ameandika. Nikasema Bwana O'Gutu. Akasema, kwa sauti ya chini, kesho atakuja mjini mwenyewe kuonana na huyo O'Gutu, uso kwa uso.

Ulimi wangu ulinitangulia. Nikasema, "Hawezi, Bwana. Amefariki."

Lini? Jana. Kwa nini? Moyo.

Bwana Whitlow akakaa. Nilingoja matusi. Akavua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu. Akauliza kama marehemu alikuwa na mke. Nikasema anaye. Akasema, "Basi mimi hapana laumu yeye. Mtu nakufa, hapana ona vizuri nini naandika."

Nikashukuru kwa niaba ya marehemu.

Jikoni Were aliniuliza imekuwaje. Nilipomtajia lile sanduku la mvule alikiweka chini kisu alichokuwa akimenyea viazi. "Ndugu yangu," akasema, "humo alilazwa memsahibu. Mimi nilishika kishikio cha nyuma."

Nikamwambia seremala alipaswa kuandika wazi.  Maji ya viazi yalikuwa yakichemka, Were hakuyageukia.

Jumanne, 18 Machi

Asubuhi nilikuwa na matumaini! Usiku mzima nilikuwa nikipanga: O'Gutu amekufa, lakini ofisi haifi. Nitajitokeza kama mrithi wake wa kazi. Nikaenda posta kununua stempu.

Kurudi, nikakuta watu wamejaa mbele ya duka la Kisilu. Vilio. Vilio vya kwetu hasa, vile vya kupasua anga. Nikamuuliza mtu wa nyuma kuna nini. Akasema kuna karani amefariki, kijana bado, moyo, mkewe amepata habari sasa hivi. Nikavua kofia. Nikasema maskini.

Kisha nikaitambua sauti.

Nilisukuma watu nikapita. Peres alikuwa chini sakafuni, kitambaa cha kichwa mkononi, kikapu cha chakula changu kimemwagika miguuni pake. Mbele yake Bwana Whitlow, amevaa suti nyeusi, ameshika maua kutoka bustani ya nyumbani kwake. Kisilu alikuwa amesimamisha saa zote. Kwa heshima, alinieleza baadaye.

Kumbe Bwana Whitlow alisoma anwani kwenye barua iliyofuatana na hesabu, akaja kumpa pole mjane. Peres alikuwa amefika na chakula cha mchana. Akamuuliza, "Wewe bibi ya O'Gutu?" Peres akasema ndiye. Akavua kofia, akamwambia.

Walionyamaza kwanza ni wale wa mlangoni. Halafu Kisilu. Halafu Peres akainua uso, akaniona nimesimama na stempu zangu.

Bwana Whitlow alinitazama mimi, akaitazama ile barua mkononi mwake, akaweka kidole juu ya alama yangu, akaelewa. Sikuona hasira usoni pake. Ningependa kuiona. Aliyaweka maua juu ya nusu yangu ya meza, taratibu, kama mtu anayeogopa kuyavunja, akalichukua bati lake la risiti lililokuwa bado pale.

Mguu ulimkosea kwenye ngazi ya baraza. Idarus akainuka, akamshika mkono, akampa kiti na maji. Nilisikia Idarus akisema, "Pole, Bwana. Pumzika kwanza." Hakutaja kodi hata kidogo.

Na bati likabaki kwa Idarus! Mbele ya macho yangu!

Alhamisi, 20 Machi

Peres ameondoka kwa gari moshi la Kisumu, yeye na mtoto wetu Ajwang na cherehani. Nilimfuata hadi stesheni. Nikamweleza kwamba kitaalamu sikumwua mumewe, nilimwua O'Gutu. Akasema ameshanililia mara moja, akamaliza, na hana machozi ya kurudia.

Ajwang alinipungia dirishani. Peres alikuwa akitazama upande wa pili, kwenye ukuta.

Nyumba ina sauti ya ajabu bila cherehani.

Jumamosi, 22 Machi

Were amefukuzwa. Bwana Whitlow alimpa mshahara wa mwezi na barua nzuri, akamwambia hawezi tena kula chakula kilichopikwa na mtu aliyeniingiza nyumbani mwake. Miaka kumi na miwili. Amekuja kwangu Kaloleni na sanduku lake la bati. Hana pengine.

Nimemwambia ajisikie nyumbani. Nimemwambia pia, ili kumtia moyo, kwamba jiko ni lake.

Jumatatu, 31 Machi

Mvua. Fomu ya Bwana Whitlow imepelekwa leo, siku ya mwisho. Kisilu ndiye aliyenipa habari, hakuna aliyemwomba. Anasema Idarus aliziondoa zile risiti nne, akazifunga kwa uzi, akamrudishia mwenyewe mkononi, akasema hizi si za serikali. Anasema Bwana Whitlow alikaa pale barazani saa nzima, wakanywa kahawa, na kwamba mainjinia wengine wawili wamekuja tangu hapo kwa kusikia sifa.

Mainjinia! Wazo langu!

Nimekaa siku nzima nikifikiri, na nimeliona kosa. Lilikuwa moja tu: nilimchagua injinia mfiwa. Huzuni huharibu hesabu. Injinia anayefaa ni mwenye mke aliye hai na mwenye afya. Yupo mmoja upande wa Loresho, mtu wa pampu za maji kwenye mashamba ya kahawa, nimesikia wana watoto watano na hawaugui. Kinachohitajika ni mtu wa kuniingiza jikoni kwake.

Nikamweleza Were mpango wote jioni hii, hatua kwa hatua. Siku tisa hajazungumza nami, lakini leo alisikiliza hadi mwisho, bila kupepesa jicho. Nikamuuliza kama anamfahamu mpishi wa Loresho.

Akainuka. Akavaa koti, akalichukua sanduku lake la bati, akatoka mvuani na kufunga mlango pole pole.

Mtu mwema. Ameenda kumuulizia.