Vifuko vya Ndizi kwa Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni 1946

Baba mkwe anakuja Jumamosi. Habari hii kaileta Anyesi, jirani yangu, aliyeonana naye sokoni. Mzee Mika anataka kuamua kama binti yake arudi kwangu au abaki Nduruma. Tabea aliondoka baada ya Pasaka, nilipompa Lesikar wa Kwa Mrombo ng'ombe wetu, naye akanipa gramafoni. Nilimweleza mke wangu kwamba ng'ombe haimbi. Hakuelewa. Santuri ni moja tu. Nimeichoka.

Desturi ni kumwandalia mkwe pombe ya ndizi na kuomba radhi. Kila mtu hufanya hivyo. Nina wazo bora.

Jumanne, 4 Juni

Tengeru, kambi ya Wapolandi. Mama Stefania, ninayempasulia kuni, anatengeneza vifuko. Unga wa ngano na yai, unasukumwa, matunda yanawekwa ndani, kingo zinabanwa kwa vidole, vinachemshwa. Juu maziwa mgando na sukari. Huliwa mtu akiwa ameshashiba! Huo ndio utajiri. Mimi nitatia ndizi mbivu. Kanionyesha mara moja, kwa mikono, maana Kiswahili chake ni kidogo. Mara moja inatosha.

Jumatano, 5 Juni

Nimeingia jikoni mwa Tabea. Anyesi kachungulia, akauliza nimeolewa lini. Nikamwambia hii ni kazi ya Kizungu. Akasema moshi ni uleule.

Unga umekuwa mgumu kama soli. Vifuko vimepasuka, ndizi zimeelea. Nimekunywa uji wa ndizi mchana na jioni.

Ijumaa, 7 Juni

Kosa nimelijua. Maharage yakiwa magumu, wanawake wote wa mlimani hutia magadi yalainike. Mpolandi hajui magadi, maskini. Nimemuuliza Anyesi kipimo. Kasema kidogo tu, kwa ncha ya vidole. Lakini yeye anasema maharage. Kifuko ni kikubwa kuliko haragwe. Nitatia konzi.

Jumamosi, 8 Juni

Mzee Mika alifika na koti lake la kanisani. Nikampa shikamoo na kiti chenye miguu yote. Alikula ndizi kwa nyama, akashiba. Anyesi ndiye aliyepika. Sikuona haja ya kulitaja.

Kisha vifuko. Vya njano. Vinateleza. Cha kwanza kilimponyoka, kikatua kwenye koti. Cha pili alikitafuna muda mrefu, akinitazama.

"Mkwe," akasema, "hiki tunakula au tunafulia?"

Anyesi alitoka nje. Nilimsikia huko nje.

Nikafungua gramafoni. Mzee aliusikiliza wimbo mzima amevua kofia, akidhani ni wa kanisa. Alipojua si wa kanisa, akaivaa.

"Sikuja kula wala kusikiliza. Ng'ombe yuko wapi?"

Nikamwonyesha gramafoni kwa kidole.

Akatoa uamuzi. Gramafoni irudi kwa Lesikar, ng'ombe arudi bandani. Tabea atakuja Alhamisi mchana, na kabla ya kuingia nyumbani atapita bandani. Akikuta patupu, atageuka, na mzee hatakanyaga tena kwangu kuzungumza.

Jumatatu, 10 Juni

Lesikar amekubali upesi mno. Kumbe ng'ombe wangu, aliyezoea kuletewa majani, amegoma kwenda malishoni. Anasimama mlangoni anasubiri kuhudumiwa. Lesikar anasema hajawahi kufuga bwana shauri wa serikali. Gramafoni kaipokea akicheka. Ng'ombe tumemkokota kutwa nzima.

Sasa yuko bandani, anatafuna migomba. Nimemtumia Tabea salamu kwamba mambo yametulia. Nimechoka.

Jumanne, 11 Juni

Tengeru tena, kuni. Nimemsimulia Mama Stefania yaliyonipata. Alipoelewa habari ya magadi, ilibidi akae chini. Kisha akanionyesha mashine ya chuma, yenye mpini: unazungusha, unga unatoka mwembamba kama karatasi.

Basi magadi hayakuwa na kosa. Unga ulikuwa mnene!

Nimemwomba mashine. Kwa kuni hataki. Anataka mnyama wa maziwa, kwa ajili ya watoto wa kambini.

Tabea akifika Alhamisi atakuta vifuko mezani, vyembamba, vitamu. Banda hatalikumbuka. Ng'ombe hapendi kutembea, kwa hiyo tutaondoka kesho alfajiri.