Mkwe Anashuka Ziwani Kumwona Meneja

Jumatatu, 8 Julai 1996. Mbamba Bay.

Siku imeanza vizuri. Hilo peke yake lingetosha kunitia wasiwasi. Nimepeleka chai meza zote bila kumwaga. Mama Tadea, mwenye gesti, akanitazama kama anayetaka kunisifu, kisha akaghairi.

Ndipo akaingia Protasi, dereva wa lori la mahindi, na salamu za mke wangu Restituta kutoka kwetu Mbuji, juu milimani. Baba yake Joakim, kijana anayemposa binti yangu, yaani Mzee Flaviani wa Mkumbi, anashuka ziwani keshokutwa kununua samaki wakavu. Atapita kumsalimia meneja.

Nikauliza meneja gani. Protasi akanitazama, akatazama sinia mkononi mwangu, akasema, "Wewe, mzee. Huko juu wewe ndiye meneja."

Niandike jinsi ilivyokuwa, maana hata mimi naanza kuchanganyikiwa. Mpaka soko huria lilipotufikia nilikuwa mkaguzi wa kahawa wa chama cha ushirika. Mkulima alishusha gunia mbele yangu akavua kofia. Wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, wakachukua kahawa kavu, mbichi na yenye mawe. Ushirika ukabaki na mhuri na mimi. Baadaye ukabaki na mhuri.

Nikapata kazi hapa, kuhudumia mezani. Nilimwandikia Restituta kwamba nasimamia chumba cha chakula. Si uongo, nasimama humo kutwa. Umeneja aliumalizia mwenyewe, na watu wa ukoo wa Joakim wakaukuza. Ndio umewafanya wakubali kuleta posa Jumapili hii.

Binti yangu Vitalia anampenda Joakim. Kafika umri ambao shangazi zake wanamwombea misa. Posa ya kwanza, ya kijana mwingine, ilirudi ilikotoka mara tu nilipopunguzwa kazi.  Siku hiyo Vitalia aliniandalia chakula kama kawaida, na hicho ndicho chakula kigumu kuliko vyote nilivyowahi kumeza. Posa hii ikirudi nayo, sijui nitamtazamaje.

Jumanne, 9 Julai.

Mpango wa kwanza: kumwomba Mama Tadea anikalishe mezani kwake, siku moja tu, nikiwa nimevaa koti.

Alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hulifanya kabla ya kukataa. "Baba Vitalia," akasema, "hapa meneja ni mimi, mwenye nyumba ni mimi, na anayefukuza watu ni mimi pia. Unataka nikupe kipi?"

Mpango wa pili: Hildegardi, mpishi. Apeleke sinia mezani kesho wakati wa mkwe, mimi nizunguke na koti nikiuliza wageni kama wameridhika. Kabla hajajibu alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo. Kisha akataja sharti: nimparie samaki wote magamba mpaka mwisho wa mwezi. Nikakubali. Akaniita Meneja. Akarudia kuniita hivyo kila nilipoingia jikoni, na wavuvi wa pale nje wameshajifunza.

Koti nimeazima kwa katekista. Ni la mtu mfupi. Nikikunja viwiko kidogo haionekani.

Jumatano, 10 Julai.

Nimechoka. Hata hivyo lazima niandike.

Mzee Flaviani alifika mchana na lori la pili, pamoja na abiria wengine tele, wote na njaa. Hapo ndipo mpango wa pili ulipokufa. Hildegardi alitoa kichwa jikoni na kuniambia ugali hauwezi kujisonga wenyewe. Hatoki. Mama Tadea alikuwa ufukweni akigombana na wavuvi. Hakukuwa na mtu mwingine wa kubeba sinia ila meneja.

Mkwe kasimama mlangoni, vumbi mpaka kwenye kope. Nikamkaribisha na koti langu, viwiko vimekunjwa.  Akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema gesti ni nzuri na upepo ni mzuri.

Akili ikanijia ghafla. Nikamkumbusha kwamba kwetu juu wazazi wa pande mbili hawatazamani wakila kabla posa haijapokelewa. Nikamwambia nimemtengea kona. Nikamvutia kitenge cha Hildegardi juu ya kamba, akakaa nyuma yake kama mtu anayeungama.

Alifurahi sana. Alisema vijana wa leo wanakula na wakwe zao kama kuku kwenye pumba, na kwamba sasa anaona Joakim amechagua ukoo wenye adabu.

Nikavua koti, nikafunga aproni, nikaanza kukimbia. Sahani ya mkwe niliisukuma chini ya kitenge. Akiita mhudumu, najibu kwa sauti nyembamba ya puani. Akasema, "Kijana, mwambie meneja wako ugali huu wa muhogo unavutika kama mpira. Sisi watu wa juu tumezoea mahindi."

Nikasema nitamwambia. Nikaenda nyuma, nikavaa koti, nikarudi na sauti yangu. Nikamwuliza mkwe kama chakula kimempendeza. Akajibu kwamba ugali ni mtamu mno, ila mhudumu ni mzito, anatembea kama amebeba gunia. Nikasema nitamkanya. Akaniomba nisimfukuze, huenda ana watoto.

Nikaahidi kwamba simfukuzi. Nikaendelea.

Alimsifu samaki, mbasa wa ziwani. Mchuzi aliusifu. Meza nyingine zilikuwa zimeanza kutulia na kunitazama, maana kila nikipita nimevaa kingine. Nilihesabu kwamba bado kitu kimoja tu: kisahani cha karanga za kukaanga, zawadi ya nyumba. Nikishakipeleka, nimeokoka.

Nilikishika. Nikafika kwenye kitenge. Na hapo mkono ukafanya kazi yake bila kuniuliza.

Maana kahawa hukaguliwa hivi: unazamisha mkono, unatoa punje, unaing'ata, unaitema pembeni, unatoa hukumu. Nimefanya hivyo tangu nikiwa na nywele. Mkono ukachukua karanga. Meno yakaing'ata. Nikaitema pembeni. Na sauti yangu halisi, ile ya kituo cha kahawa, ile nene, ikatamka: "Hii bado ina maji. Rudisha juani."

Nyuma ya kitenge kijiko kilisimama. 

Kisha Mzee Flaviani akasema, taratibu, "Mkaguzi. Leo sirudishi kitu. Nazila hivyo hivyo."

Mkono ukatoka chini ya kitenge ukachukua kisahani.

Alhamisi, 11 Julai.

Alilala hapa. Mimi nililala pia, kwa maana ya kwamba nilikuwa kitandani.

Asubuhi nilimpelekea chai nikiwa na aproni. Koti nililiacha msumarini. Alikuwa amekaa barazani anatazama ziwa. Nikasema shikamoo, ingawa tunalingana umri. 

Akaniuliza kama nalikumbuka gunia lake. Nikasema magunia yalikuwa mengi. Akasema lake alilibeba kichwani kutoka Mkumbi, njia ile ya mlima, nikaling'ata nikalirudisha. Akalianika, akalibeba tena, nikalirudisha tena. Mke wake alilia njiani.

Nilijitetea kidogo. Nilisema kahawa ile ilikuwa na maji kweli.

"Ilikuwa na maji," akasema. "Sijasema haikuwa na maji. Nasema nililibeba."

 Nikamimina chai.

Alikunywa nusu kikombe ndipo akaendelea. Alisema hakuja kutafuta samaki. Samaki wakavu wapo hata Mbinga mjini. Wazee wa ukoo walimtuma aje aone kama bado mimi ni mtu yule. Kaka yake mkubwa, Leopold, alikuwa anasita: mkaguzi akishakuwa meneja, mahari yenyewe ataing'ata na kuirudisha. Posa hii wanaileta huku wanaogopa.

"Lakini mtu aliyeniletea ugali kwa mkono wake, akakimbia vile akibadilisha nguo," akasema, na bega lake likaanza kutikisika, "huyo naweza kukaa naye."

Alicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi nilicheka kwa kuchelewa.

Sharti lake ni moja. Jumapili Leopold ataniuliza kazi yangu mbele ya wote. Nimjibu kwa mdomo wangu kwamba ni mhudumu. Wakijua nimeshuka, watatulia, na Vitalia ataolewa. Nikidanganya na wakagundua baadaye, hatakuwa na neno la kunitetea. Nikaapa kwa jina la Bikira Maria. Nilijisikia mwepesi, kama aliyetua mzigo.

Kutwa nimepara magamba. Neno "mhudumu" nimelifanyia mazoezi kwa samaki wote.

Jumapili, 14 Julai. Mbuji.

Walikuja baada ya misa. Mikeka ilitandikwa, ndugu zangu upande huu, wao upande ule. Vitalia alikuwa chumbani na shangazi zake. Nilimwona mguu tu, chini ya pazia.

Mzee Leopold alikohoa. Akauliza baba wa binti anafanya kazi gani siku hizi. Flaviani akanitikisia kichwa, kunitia moyo. Restituta alisimama mlangoni na sufuria. Neno lilikuwa limefika kwenye meno.

Leopold akaongeza kwamba wamesikia ni hoteli kubwa sana.

Nikasikia mtu akisema kwamba yeye ni Mkurugenzi wa Chakula na Vinywaji, Kanda ya Ziwa. Nilitazama pembeni kuona ni nani. Nilikuwa mimi.

Flaviani alifumba macho.

 Leopold akasema kwamba mtu mwenye cheo kirefu hivyo na bado anakaa mkekani ni mtu wa watu. Posa ikapokelewa. Vigelegele. Vitalia alitoka akapiga magoti mbele yangu, uso umelowa, na niliona fahari ambayo sijaiona tangu enzi za ushirika.

Wakati wa kuagana Flaviani alinishika mkono kama anayetoa pole msibani.  Leopold akatangaza: ukoo mzima umeamua kushuka ziwani mwisho wa mwezi, kulala hotelini kwa Mkurugenzi na kupanga siku ya harusi.

Nimekaa nimetafakari. Si jambo la kutisha. Mama Tadea ana dada yake kule Liuli. Nahitaji tu dada huyo augue kidogo, si sana, Mama Tadea aende kumwuguza aniachie gesti, kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu.