Mkufunzi wa Wazamiaji wa Singidani

Anselm Mughwai alilisoma tangazo lile mara tatu kabla chai yake haijapoa. Lilikuwa limebandikwa kwenye mlango wa duka la ushirika, karibu na stendi ya mabasi ya Singida, mwaka ule wa watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Lilisema kila kijiji kilicho karibu na ziwa kiteue watu wa kufundishwa uokoaji majini. Watakaofuzu watapewa sare na kazi ya ulinzi kwenye ufuko wa kuogelea utakaojengwa. Mkufunzi na tarehe vitatangazwa baadaye.

Neno lililomgusa ni hilo baadaye. Mtu mwingine angeona ucheleweshaji, lakini Anselm aliona nafasi ya kazi. Alikwisha kuwa mganga wa meno Kintinku, mkaguzi wa mizani Mungaa, na kwa juma moja tamu sana kule Kilimatinde, mpwa wa padre aliyehamishwa. Uzamiaji haukuwa mbali na hayo. Kasoro ilikuwa moja: hakujua kuogelea. Maji yakimpita magoti, alikimbilia nchi kavu.

Kesho yake alitokea kijijini kando ya Ziwa Singidani akiwa na kaptura ya kaki, filimbi shingoni, na miwani ya mpira ya kuzamia aliyoiokota mnadani.

"Shikamoo mzee," alimwambia katibu wa kijiji, Ndugu Melkizedeki.

"Marahaba. Barua ya utambulisho iko wapi?"

"Inakuja na sare."

Mzee Melkizedeki aliridhika. Siku zile vitu vingi vilikuwa vinakuja, na yeye alitaka kijiji chake kiwe cha kwanza mkoa mzima, kwa lolote lile.

Ada ilikuwa kuku wawili kwa kila mwanafunzi. Kudai fedha taslimu, Anselm alieleza kwa uso wa huzuni, ni fikra za kibepari. Fundi cherehani Kefa, mtu mwenye kitambi na tamaa ya cheo, alileta kuku sita ili awe kiongozi wa kikosi. Utepe wa cheo alikuwa ameshajishonea mkononi kabla ya somo la kwanza.

Wa mwisho kujiandikisha alikuwa Theodora, mjane aliyehamia kutoka Iramba, upande wa Ziwa Kitangiri. Aliweka kuku wake chini, akabaki amesimama.

"Mume wangu alipinduka na mtumbwi," alisema. "Kumtoa majini nilimtoa mwenyewe, bado ana joto. Baada ya hapo sikujua nifanye nini. Nimekuja kujifunza hicho kinachofuata."

Anselm, ambaye hakuwahi kukosa neno tangu abatizwe, alitazama kuku.

"Somo hilo lipo, Mama," alisema hatimaye. "Liko mbele."

Mafunzo yalifanyika nchi kavu. Watu wazima walilala kifudifudi kwenye mabenchi ya darasa la kisomo, wakapiga miguu hewani kwa mlio wa filimbi. Walitumbukiza vichwa kwenye ndoo kwa zamu. Kefa alikaa ndani ya ndoo muda mrefu kuliko wote, akatoka na mafua.

"Tutaingia ziwani lini, Mwalimu?" waliuliza.

"Maji ni hatua ya mwisho. Mwanafunzi wa udereva anakabidhiwa basi siku ya kwanza?"

Theodora hakuuliza hilo. Yeye kila jioni aliuliza jambo moja tu: kile kinachofuata ni lini? Akiulizwa hivyo, Anselm aliusukuma ugali pembeni. Siku ya tisa, kwa sababu ambayo hata yeye aliiona ya kipumbavu, alitembea hadi zahanati ya misheni, akamwomba muuguzi amwonyeshe. Siku ya kumi akawafundisha: mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, puliza mdomoni mpaka kifua kipande, usichoke. Ilikuwa mara yake ya kwanza maishani kufundisha kitu cha kweli, na jasho lilimtoka kama mtu anayesema uongo.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Mahafali Jumamosi, lori la Manyoni Ijumaa, na matenga ya kuku yalikwisha kusukwa. Lakini Alhamisi asubuhi mzee Melkizedeki alifika na mgeni kutoka wilayani, amevaa suti ya mikono mifupi.

"Mgeni ana haraka," alisema katibu. "Mtihani ni leo. Tumeamua wewe, Mwalimu, ndiwe utakayezama. Wao wakuokoe."

Kijiji kizima kilikuwa ufukoni. Anselm aliingia mtumbwini kama anayepanda jukwaa la kunyongewa. Kefa alishika kasia na Theodora akakaa mkabala na Anselm.

Walipofika mbali kidogo, Theodora alisema kwa sauti ya chini, "Hujui kuogelea."

"Nani kakwambia?"

"Unaruka vidimbwi vya mvua kama paka. Nilijua siku ya pili."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakwenda kusema. Halafu ukatufundisha lile somo. Nikaenda zahanati kuuliza, wakaniambia ni sahihi."

"Mama, nirudishe ufukoni. Nitakurudishia kuku wako."

"Kuku nimeshawapangia."

Wakati huo Kefa alimwona mgeni akipunga mkono. Kiongozi wa kikosi hawezi kupungiwa mkono akiwa amekaa. Akasimama kupiga saluti, na mtumbwi ukapinduka.

Kefa, kwa kitambi chake na chumvi ya ziwa lile, alielea kama debe tupu. Anselm alizama moja kwa moja, filimbi mdomoni. Ufukoni walipiga makofi. Walisema hawajaona mtu anayejua kazi yake namna ile.

Theodora alimfuata chini, akamkamata kola, akamburuta hadi kwenye tope. Anselm alikuwa na joto bado, ila hapumui. Theodora akamlaza chali, akainua kidevu, akaziba pua. Akapuliza. Akapuliza tena. Makofi yalikoma. Watu walianza kuelewa, na mzee Melkizedeki akavua kofia.

Anselm akakohoa, akatapika ziwa.

Watu walishangilia. Theodora peke yake hakushangilia. Alikaa kwenye tope, akajifunika uso kwa kanga, mabega yakitikisika. Ilichukua muda kabla hajasimama.

"Ndugu mgeni," alisema, "Mwalimu ameniomba niwatangazie. Kuku wote wa ada anawatoa kwa mradi wa ufugaji wa kijiji. Na yeye mwenyewe atabaki hapa mpaka ufuko ujengwe."

Anselm alifungua mdomo kupinga, yakatoka maji. Mgeni alimshika mkono kwa nguvu na kumwita mzalendo.

Ijumaa lori la Manyoni lilipopita, Anselm alikuwa ziwani, maji yamemfika kifuani, macho ameyafumba. Theodora alikuwa amemshika kisogo kwa kiganja kimoja.

"Lala," alisema. "Legeza shingo."

"Usiniachie."

"Sikuachii."

Akamwachia. Anselm alielea kwa muda wa pumzi tatu nzima, kisha akagundua kisogo chake hakijashikwa, akazama. Theodora akamvuta kwa kola.

"Tena," alisema.